Kompyuta ikikataa kuwaka, kazi yako haijafa

HARAKA haraka haina baraka. Walionena hivyo hawakuwahi kuona kompyuta, lakini sijui neno jingine linalomfaa zaidi mtu ambaye kompyuta yake imekataa kuwaka.

Hebu nikusimulie, msomaji, yaliyotupata. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amebakisha siku tisa tu awasilishe tasnifu yake. Betri ya laptopu yake ilikuwa imechoka kitambo, kwa hivyo kila stima ilipokatika, mashine nayo ilizimika. Jioni moja stima ilipotea mtaani mwao, ikarudi, ikapotea tena. Iliporudi mara ya tatu, laptopu haikuamka kama kawaida. Taa iliwaka, feni ikavuma, skrini ikaonyesha alama ya kampuni, kisha ikaja rangi ya buluu na maandishi ambayo hakuyaelewa. Akaizima, akaiwasha. Yakawa yaleyale. Aliendelea kuizima na kuiwasha hadi usiku wa manane.

Asubuhi aliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi aliitazama dakika mbili, akamwambia, "Hii ni ya kuwekwa Windows upya tu, dadangu. Njoo jioni."

"Na kazi zangu?" akauliza.

"Hizo sahau. Mashine ikifa, hufa na vyake."

Akanipigia simu analia. "Mjomba, tasnifu imeenda." Kabla sijamjibu akaongeza jambo lililonikausha koo. "Na si tasnifu tu, Mjomba. Sauti za Nyanya zimo humo."

Tasnifu yake ilihusu ngano za kijijini kwetu, na msimulizi wake mkuu alikuwa mama yangu mzazi. Binti alikaa naye likizo nzima akimrekodi kwa simu. Simu ilipojaa, alizihamishia rekodi hizo kwenye laptopu, akazifuta simuni. Miezi minne kabla ya siku hiyo ya kilio, tulikuwa tumemzika mama.

Tasnifu huandikwa upya, hata ikiwa kwa machozi. Sauti ya marehemu hairekodiwi mara ya pili. Nikamwambia, "Mwambie fundi asiguse chochote. Akurudishie laptopu kama ilivyo. Ninakuja."

Yale tuliyojifunza wiki hiyo ndiyo ninayotaka kukupa leo, kwa sababu siku moja yatakufika wewe, mwanao au jirani yako.

Gari na mizigo

Jambo la kwanza ni hili: mashine ni kitu kimoja na kazi yako ni kitu kingine. Matatu iliyobeba viazi kutoka Nyandarua ikizimika injini pale Rironi, je, magunia yaliyo juu ya keria huoza papo hapo? La. Hushushwa, yakapakiwa kwenye gari jingine, yakafika sokoni. Injini itatengenezwa baadaye.

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, kompyuta hupitia hatua nne. Kwanza, umeme sharti ufike. Pili, programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu huamka na kukagua viungo vya mashine. Tatu, programu hiyo huitafuta diski kuu, ile ambayo mafundi huiita hadi diski. Nne, hutoa humo mfumo endeshi, yaani programu kuu kama vile Windows, nayo ndiyo inayokuletea skrini uliyoizoea. Barua zako, picha zako na tasnifu yako hazihusiki na safari hiyo. Zimelala ndani ya diski kuu zikingoja kuitwa.

Kwa hivyo chaja ikiungua, skrini ikipasuka, ubao mkuu ukifa au Windows ikivurugika, mara nyingi mizigo yako bado i salama. Ni pale tu diski yenyewe inapougua ndipo pana hatari ya kweli, na hata hapo bado kuna la kufanya.

Ulimwengu mzima ulionyeshwa jambo hili tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaonyesha skrini ya buluu na kukataa kuwaka. Ndege zilikwama viwanjani, hospitali na benki zikasumbuka. Lakini tiba ilikuwa nini? Kuingia katika mashine kwa mlango wa nyuma na kuondoa faili moja mbovu. Kazi za watu zilikuwa palepale.

Usiyoyafanya

Kabla sijakueleza la kufanya, nianze na yale ya kuepuka, kwani watu wengi hupoteza kazi zao baada ya kompyuta kuharibika, wala si wakati inapoharibika.

Usiizime na kuiwasha mara ishirini kama alivyofanya mpwa wangu. Ikiwa diski inaugua, kila jaribio ni kama kumlazimisha mgonjwa wa mguu apande ngazi.

Usikubali ifomatiwe wala kuwekwa Windows upya kabla kazi zako hazijatolewa. Fikiria kitabu chenye yaliyomo katika ukurasa wa mwanzo. Unapofuta faili, au unapofomati kwa njia ya haraka, kinachong'olewa ni ule ukurasa wa yaliyomo. Sura zenyewe hubaki kwa muda, ila kompyuta sasa inaamini kuwa kurasa hizo ni tupu na inaweza kuandika juu yake. Windows mpya ikimwagwa hapo, huandika mabilioni ya herufi juu ya kazi yako. Kilichoandikiwa juu hakirudi, uwe na fundi gani.

Hali ni ngumu zaidi kwa diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka, zinazojulikana kama SSD. Hizo, zikiambiwa kuwa faili imefutwa, huenda zikaisafisha nafasi hiyo zenyewe muda mfupi baadaye. Windows imekuwa ikizipa amri hiyo tangu toleo la 7 la mwaka wa 2009. Katika diski ya zamani, kosa la kufomati laweza kusameheka. Katika SSD, mara nyingi halisameheki.

Iwapo mashine yenyewe itakuletea ukurasa wa kukuuliza kama uirudishe katika hali ya mwanzo, soma pole pole. Huwa kuna chaguo la kubakiza faili zako na chaguo la kufuta kila kitu. Kama huna uhakika, usichague lolote. Izime.

Na chai ikimwagika juu ya kibodi, zima mara moja, chomoa chaja, igeuze maji yatoke, na usiiwashe "kuona kama inafanya kazi". Kuifukia katika mchele hakusaidii. Maji huua ubao mkuu kwa urahisi, lakini diski mara nyingi huponea, ikiwa tu hukuharakisha kurudisha umeme.

Sikiliza kabla ya kushika

Sasa keti karibu na mashine yako, uiwashe mara moja tu, utazame na kusikiliza.

Ikiwa hakuna taa wala sauti, shida yaelekea kuwa ni umeme. Jaribu soketi nyingine, kisha chaja nyingine ya aina hiyohiyo. Halafu chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, na ukibonyeze kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Rudisha chaja ujaribu tena. Ni ajabu jinsi hila hii ndogo inavyofufua mashine nyingi.

Ikiwa taa zinawaka na feni inavuma lakini skrini ni nyeusi, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko, kompyuta yako ni nzima, skrini ndiyo mbovu, na unaweza kunakili kazi zako papo hapo. Isipotokea, huenda kumbukumbu ya muda, ile iitwayo RAM, imelegea mahali pake. Fundi huitoa, akaifuta na kuirudisha kwa dakika chache.

Ikiwa unaona alama ya kampuni kisha skrini ya buluu, au vitone vinazunguka bila kikomo, basi hatua tatu za mwanzo zimepita. Mfumo endeshi ndio umevurugika. Hii ndiyo iliyokuwa hali ya mpwa wangu, nayo ina matumaini makubwa.

Lakini ukisikia diski ikigonga kwa mpigo, tak, tak, tak, au ikikwaruza, zima papo hapo na usiiwashe tena. Katika diski ya zamani mna sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika katika laptopu. Juu yake huelea kichwa kidogo kinachosoma, na nafasi iliyo kati ya kichwa na sahani ni ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele wako. Mgongo huo ni dalili kwamba kichwa kimeshindwa kazi, na kinaweza kuikwangua sahani iliyobeba kazi yako. Ruka hadi sehemu ninayozungumzia wataalamu.

Kuamsha kwa flashi

Kama diski iko kimya au inazunguka kwa utulivu, kuna njia isiyokugharimu ila flashi mbili na subira. Kompyuta haina lazima ya kuamshwa na Windows iliyo ndani yake. Inaweza kuamshwa na mfumo endeshi mwingine ulioubeba kwenye flashi, ambao hautaandika chochote juu ya diski yako.

Mfumo unaofaa kwa kazi hii ni Ubuntu. Ulitolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kundi lililoanzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu", na kwa kweli hutolewa bure kwa yeyote.

Tafuta kompyuta nzima ya rafiki au ya saibakafe. Pakua Ubuntu kutoka kwa tovuti yake rasmi. Faili hiyo ni kubwa, zaidi ya GB 5, kwa hivyo usitumie bando la simu ikiwa unaweza kupata waifai ya chuo. Kisha, kwa programu ya bure iitwayo Rufus, iandike kwenye flashi ya GB 16. Angalia flashi hiyo isiwe na kitu unachokihitaji, kwani itafutwa yote.

Ichomeke katika kompyuta yako iliyogoma, uiwashe huku ukigusagusa kitufe cha F12, F9 au Esc, kutegemea kampuni iliyoiunda. Itakuuliza iamke kutoka wapi. Chagua flashi. Baada ya dakika chache utaulizwa kama unataka kuujaribu Ubuntu au kuusakinisha. Hapa fungua macho: chagua KUJARIBU. Ukisakinisha, unaweza kufuta kilekile ulichokuja kukiokoa.

Skrini ikitulia, fungua mahali pa faili. Kando utaiona diski yako. Ibofye. Ukiona majina ya folda zako, vuta pumzi. Chomeka flashi ya pili au diski ya nje, unakili.

Sisi tulifanya hivyo mezani pa jikoni, saa nne usiku. Tulifungua folda ya hati, tukaiona tasnifu, sura zote tano. Binti akaruka kwa furaha. Tukainakili. Lakini rekodi za nyanyake hazikuwamo. Tulitafuta kwenye folda ya muziki, hamna. Ya video, hamna. Akaanza kulia upya. Mwishowe tukazikuta katika folda ya vitu vilivyopakuliwa, kwa kuwa ndiko simu ilikozitupia siku alipozihamisha, zikiwa na majina ya tarakimu tupu.

Hapa pana funzo. Usichague unachokumbuka, maana hukumbuki yote. Katika diski ya Windows ingia folda iitwayo Users, utafute yenye jina lako, na uinakili nzima kama ilivyo. Utapanga baadaye. Na ukimaliza kunakili, fungua faili tatu nne katika kompyuta nyingine uhakikishe kuwa zinafunguka.

Kuitoa diski

Ikiwa ubao mkuu umekufa na mashine haiwaki hata kwa flashi, basi mizigo ishushwe kwa mkono. Katika laptopu nyingi diski hutoka kwa kufungua skrubu chache chini yake. Chukua diski hiyo hadi kwa wauzaji wa vifaa vya kompyuta, pale Luthuli Avenue au kokote ulipo, uulize kasha au waya wa kuiunganishia USB. Nenda nayo mkononi, kwa maana diski ni za aina mbalimbali. Ile ya zamani ni bapa mfano wa pakiti ya karata, na ile mpya ni kijiti chembamba kama kipande cha chingamu. Hata vijiti hivyo vinavyofanana vina aina mbili, na si kila kasha huzikubali zote mbili.

Ukiishaivalisha kasha, ichomeke katika kompyuta nzima kama unavyochomeka flashi. Ikikuambia kuwa diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, kataa. Ni dalili kuwa ule ukurasa wa yaliyomo umeharibika, na kazi hiyo ni ya programu za uokoaji. Mbili zinazoaminika na zisizolipiwa ni TestDisk, inayojaribu kurekebisha yaliyomo, na PhotoRec, inayopekua diski na kuopoa picha na hati moja moja, ingawa hupoteza majina yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba unachokiokoa kihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si ileile unayoiokoa.

Kuna kompyuta ambazo diski zake haziwezi kutolewa kwa kuwa zimechomelewa kwenye ubao mkuu. Laptopu nyingi za Apple za miaka ya karibuni ziko hivyo. Kwa hizo, kufufua mazungumzo na diski kunahitaji kuufufua ubao wenyewe.

Kufuli la siri

Siku hizi kuna kikwazo kingine. Kompyuta nyingi za Windows zina kufuli liitwalo BitLocker, linaloifunga diski kwa msimbo ili mwizi asisome kitu. Ni ulinzi mzuri, lakini humfungia nje hata mwenyewe. Ukiitoa diski hiyo au kuiamsha kwa flashi, utaombwa ufunguo wenye tarakimu 48. Wengi hawajui kuwa wanao. Aghalabu umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft uliyoingia nayo siku ulipoinunua kompyuta.

Kwa hivyo leo hii, mashine ikiwa nzima, ingia katika akaunti hiyo, utafute ufunguo, uuandike kwenye karatasi na uuweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Bila ufunguo huo hakuna fundi, hakuna mtaalamu, hakuna programu itakayokufungulia. Kufuli hilo liliundwa kwa madhumuni hayo hasa.

Inapofika kwa wataalamu

Je, kama diski inagonga? Au haionekani popote? Usiifungue nyumbani. Chembe moja ya vumbi yatosha kuharibu sahani. Wala usiitie kwenye friji kama wanavyoshauri wajuaji wengine, kwani unyevu huganda juu ya sahani. Wataalamu wa uokoaji hufanya kazi katika vyumba vilivyochujwa hewa, wakabadilisha vichwa na kunakili sahani hatua kwa hatua. Gharama yao ni kubwa, nawe ndiwe utakayepima thamani ya kilichomo. Ila jua kwamba kila jaribio la kubahatisha kabla ya kuwafikia hupunguza uwezo wao.

Na wanaweza kufika mbali. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivunjika kikirudi duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Katika mabaki yaliyoanguka Texas mliokotwa diski iliyobeba matokeo ya jaribio la kisayansi kuhusu gesi ya zenoni. Ilikuwa imeungua na kuingia uchafu. Wataalamu wa kampuni ya Ontrack walizisafisha sahani zake, wakaopoa takriban asilimia 99 ya yaliyokuwamo. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la fizikia mwaka wa 2008. Iwapo diski iliyoanguka kutoka angani ilizungumza, usikimbilie kuizika yako.

Useme nini kwa fundi

Nisije nikaeleweka vibaya. Yule fundi hakuwa mwizi wala mjinga. Yeye huitwa kutibu mashine, na kuweka Windows upya ni tiba. Sisi tulichotaka ni mizigo, lakini binti hakusema hivyo alipoingia. Alisema, "Kompyuta yangu haiwaki."

Kwa hivyo ukienda kwa fundi, anza hivi: "Kilicho muhimu kwangu ni faili zilizo ndani. Usifomati, usiweke Windows, mpaka uzitoe na nizione kwa macho yangu." Mwache aiandike kwenye risiti. Muulize ataitumia njia gani. Akisema ataiamsha kwa flashi au ataitoa diski aiunganishe na mashine nyingine, yuko katika njia. Akisema ataweka Windows kwanza halafu atafute faili, mshukuru na uchukue mzigo wako.

Kumbuka vilevile kuwa unamkabidhi picha za watoto, barua za benki na nakala za vitambulisho. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka wa 2019, lakini hakuna sheria inayoirudisha picha iliyokwisha kusambaa. Ukiweza, keti pale anapofanya kazi.

Akiba haiozi

Yote niliyoyasema ni ya kuziba ufa. Afadhali ukuta usipasuke. Kazi isiyo na nakala ya pili iko njiani kupotea, ni suala la siku tu.

Kanuni ni rahisi: nakala tatu za kila kilicho muhimu, katika vifaa viwili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa mwanafunzi, hiyo ni laptopu yake, flashi iliyo kwenye mkoba mwingine, na barua pepe anayojitumia mwenyewe kila jioni ikiwa na tasnifu ya siku hiyo. Kwa familia, ni kompyuta, diski ya nje, na nafasi ya mtandaoni kama Google Drive au OneDrive. Mwizi akiingia, au moto, au mafuriko, havichukui vyote vitatu kwa mara moja.

Na usiamini nakala ambayo hujawahi kuifungua. Mwaka wa 1998, studio ya Pixar ilipokuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2 ambayo watoto wetu wengi wameitazama, amri moja ya kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya filamu hiyo. Walipoziendea nakala zao za akiba, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni kwamba mmoja wa wasimamizi, Galyn Susman, alikuwa amejifungua na alifanyia kazi nyumbani, na kompyuta yake ilikuwa na nakala ya filamu. Waliiendea nyumbani kwake. Studio nzima yenye mitambo ya fedha nyingi iliponea kwenye kompyuta ya mama mwenye mtoto mchanga.

Mpwa wangu aliwasilisha tasnifu yake siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Laptopu tuliirudisha kwa fundi yuleyule, akaiweka Windows mpya kwa jioni moja, nayo inafanya kazi hadi leo. Alipotuona tukiwa watulivu alishangaa. "Mlizitoa vipi?" Binti akamwonyesha flashi, akamweleza. Fundi akaomba aiazime akajinakilie ile Ubuntu.

Rekodi za mama yangu sasa ziko mahali pane: kwa binti, kwangu, kwa dada yangu kijijini, na mtandaoni. Ile ya kwanza huanza kwa mama kukohoa kidogo, kisha anauliza, "Hicho kidude kimeanza?" Binti anamjibu, "Ndiyo, Nyanya, kinakusikia." Naye anaanza hadithi yake.

Kabla hujaliweka gazeti hili kando, msomaji, jiulize ni kitu gani katika kompyuta yako kilichopo humo peke yake. Kisha nyanyuka ukinakili. Stima bado haijapotea.